Kilemba Cheupe cha Bernadeta

Siku kumi na mbili Sajini Anselm Masolwa alikuwa Choma akifuata nyayo za ng'ombe wa wizi, na asubuhi aliyorudi Tabora, kabla hata hajakung'uta vumbi viatuni, akakuta wenzake wamemaliza kesi ya mauaji bila yeye.

Faili lilikuwa juu ya meza yake, jembamba kupita kiasi. Anselm alishawahi kuona faili la mbuzi aliyepotea likiwa nene kuliko hilo. Alilisoma amesimama, kofia ingali kichwani, na kila alipofungua ukurasa hasira zilimpanda.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jumamosi ya tarehe 11 Julai, mwaka huo wa 1953, mzee Masele, mlinzi wa ghala la nta karibu na reli, alipigwa mtaimbo kisogoni akafa. Mshika bendera wa reli alimwona akiwa hai treni ya saa kumi ilipopita. Saa kumi na nusu alikutwa amelala kifudifudi mlangoni pa ghala. Karani wa ghala, Sylvester, aliapa kwamba alimwona mtu akikimbia kutoka pale, na mtu huyo ni Modest, mrina asali kutoka Ulyankulu. Sababu ilikuwepo: siku tatu kabla ya hapo Modest alisimama mbele ya ghala akapiga kelele, watu wakisikia, kwamba karani anachanganya nta safi ya warina na mafuta ya ng'ombe, na mlinzi Masele anaona na kunyamaza. Basi jioni ile ile ya Jumamosi wakamkamata kwenye stendi ya malori.

Modest alijitetea kwa jambo moja tu. Alisema saa hiyo ya kumi alikuwa studio, kwa Bwana Saidi mpiga picha, mtaa wa Gongoni, akipigwa picha na mchumba wake. Wakamuuliza Saidi. Saidi akasema ni kweli aliwapiga picha, lakini ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyotangulia. Picha yenyewe ilikuwa ndani ya faili, na nyuma yake muhuri wa studio ulisomeka wazi: 4 JULAI 1953.

Kesi ilikuwa siku hiyo hiyo, saa nane mchana. Hakimu akiridhika, Modest angepelekwa Mahakama Kuu, na huko hukumu ya mauaji ni kamba.

"Kesi kwisha, Masolwa," alisema Bwana Kelso, Inspekta wake, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe cha chai. "Karani nasema. Mpiga picha nasema. Muhuri nasema."

"Muhuri wa mpira, bwana. Ukiugeuza gurudumu kwa kidole unasema unachotaka."

"Wewe iko na ushahidi?"

"Nina masaa sita."

Kelso akamtazama sasa. Hakuwa mtu mbaya Kelso, ila alipenda mambo yaishe, na mambo yakishaisha alichukia kuyaona yanafufuka. "Saa nane kamili," alisema. "Usinitie aibu mbele ya hakimu."

Nje, kwenye baraza, alikuwa amekaa msichana wa miaka kama ishirini, kilemba cheupe kichwani, mgongo umenyooka. Hakuwa akilia. Alikuwa amekasirika, na Anselm alipenda hivyo.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Wewe ndiye Bernadeta?"

"Ndimi. Na wewe ni askari wa tano. Nikuanzie mwanzo, au na wewe utaniambia nirudi kesho?"

"Anza mwanzo."

Akaanza. Yeye na Modest walikuwa wameshatangazwa kanisani Jumapili mbili. Walitaka picha ya kupeleka kwa wazazi wa Modest Ulyankulu. Jumamosi ile walifika studio saa nane wakakuta imefungwa, kwa kuwa Saidi alikuwa safarini Nzega tangu Alhamisi. Wakangoja mlangoni. Lori la Nzega lilimshusha saa tisa na nusu, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaoga, akavaa, akaanza kuwapanga. Walitoka mle ndani saa kumi na moja.

"Na kuna mtu mwingine aliyewaona?"

"Mama mtumishi wa pale. Mama Josepha. Alitupa maji ya kunywa, akanifunga kilemba hiki kwa mikono yake. Akasema leo mtatoka mnang'aa. Nimewaambia hao wenzako wamtafute. Bwana Saidi akawaambia amekwenda zake, nao wakaandika 'amekwenda zake'."

Anselm alitoa picha kwenye faili, akaipeleka kwenye jua. Kisha akatoa mfukoni kioo chake cha kukuzia. Vitani Burma alikuwa mtunza darubini wa kikosi, na alirudi na malaria, kioo hicho, na kopo la tumbaku lenye vifaa vya kusafishia lenzi ambalo mkewe alishalitupa mara mbili naye akaliokota mara mbili.

Picha ilikuwa na kasoro. Modest na Bernadeta walisimama mbele ya pazia jeusi, kando ya kigoda chenye mguu uliofungwa waya, na kile kilemba cheupe kilikuwa kimemwaga weupe wake nje ya mipaka, ukasambaa juu ya pazia. Kola ya shati la Modest vivyo hivyo. Picha nzima ilikuwa na utusitusi, mithili ya kitu kinachotazamwa kupitia chandarua.

"Ulitikisika alipokuwa anapiga?"

"Sikutikisika. Alinikataza hata kupumua."

Ni kweli hakutikisika. Vifungo vya shati vilihesabika, na kope za macho yake zilionekana moja moja. Mtu akitikisika kila kitu chake huvutika, cheupe na cheusi pamoja. Hapa kilichokuwa kinavuja ni mwanga tu. Anselm alijua lawama ya mwanga kuvuja haiwi ya anayepigwa picha. Inakuwa ya kioo.

"Nipe picha hii mpaka mchana," alisema.

"Ichukue. Mnayo tangu wiki iliyopita, si mmeitumia kumfunga?"

Akapanda baiskeli.

Hakwenda studio. Alikwenda Cheyo, nyumbani kwa mwalimu Dionis, ambaye alimwoa Tekla siku ya Jumatano, tarehe 8 Julai. Tarehe hiyo Anselm hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alikuwa mmoja wa wasimamizi, alikula pilau mpaka akafungua mkanda, na kesho yake alfajiri akaanza safari ya Choma. Baada ya misa arusi nzima ilikwenda kwa Saidi kupigwa picha.

Ilikuwa imetundikwa sebuleni, juu ya redio. Pazia lile lile jeusi, kigoda kile kile chenye mguu uliofungwa waya. Anselm alijiona mstari wa nyuma, tumbo limevutwa ndani bila mafanikio. Lakini alichotaka kuona ni gauni la Tekla. Gauni lilikuwa jeupe pe, na ukingo wake ulikuwa umekatika safi dhidi ya lile pazia. Hakuna tone la mwanga lililovuka.

"Kuna nini, Sajini?" aliuliza Tekla, unga mikononi. "Mbona unaitazama picha yetu kama inadaiwa?"

"Shemeji, naiazima. Nitairudisha yenyewe na kioo chake."

Njiani alipanga hoja yake kwa sauti, akiwatisha kuku wa watu. Tarehe 8 lenzi ya Saidi ilikuwa nzima. Picha ya Bernadeta ilipigwa kwa lenzi mbovu. Kama ilipigwa tarehe 4, kama Saidi alivyoapa, basi lenzi iliharibika kabla ya tarehe 4, ikapona siku ya arusi. Kioo hakiponi. Kwa hiyo picha ya Bernadeta ilikuja baada ya arusi, na Modest alitiwa ndani jioni ya tarehe 11. Katikati hapo Saidi alikuwa Nzega. Ilibaki Jumamosi tu, kuanzia saa tisa na nusu.

Ilikuwa hoja nzuri, na Anselm aliichukia kwa sababu ilikuwa na tundu. Hakimu angeuliza: iliharibikaje, na lini? Na mtu pekee wa kujibu ni yule waliyeandika kwamba amekwenda zake.

Kwa kuwa kila mtu Gongoni alijua nyumbani kwao Josepha ni Kwihara, isipokuwa polisi wanne waliotumwa kumtafuta, Anselm alishika njia ya Kwihara. Ni njia ile ile ya zamani ya misafara, pana na iliyokanyagwa na watu wengi mno hata nyasi zimeshakata tamaa ya kuota hapo. Vumbi la Julai lilimwingia mpaka kooni. Alifika saa nne na nusu akamkuta mama wa miaka hamsini na kitu, amekaa mkekani kivulini mwa nyumba ya tembe, anasafisha kioo cha taa ya chemni.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama huyo kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka." Kisha mama akaona vifungo vya sare, na mkono wake ukasimama. Chini ya jicho la kushoto alikuwa na alama ya kipigo iliyoanza kugeuka manjano. "Mimi sijui kitu. Kwa Bwana Saidi nimetoka zamani."

"Lini?"

"Zamani."

"Ulimfunga msichana kilemba cheupe, mayu. Amenionyesha hicho hicho."

"Simjui."

Anselm akakaa chini, mavumbini, na suruali yake ya sare. Hakuuliza tena. Mama naye, kwa kukosa la kufanya, akaendelea na kazi yake. Alichovya kitambaa kibichi kwenye kopo la majivu, akakiingiza ndani ya chemni, akakizungusha. Majivu yalilia kidogo juu ya kioo. Alizungusha, akazungusha, kisha akasuuza kwa maji, akafuta kwa pindo la khanga, akakiinua kioo juani kukitazama. Kilikuwa kikavu na kisafi hata ungedhani hakuna kitu mkononi mwake.

Anselm alichota majivu kidogo kwenye kopo, akayasaga kati ya vidole.

"Unajua kusafisha vioo, mayu."

Kwa mara ya kwanza mama alimtazama usoni. "Tangu nikiwa mtoto. Nyumba niliyofanya kazi mimi, taa haijawahi kuwa na moshi."

"Na cha Bwana Saidi je? Kile cha kwenye kamera?"

Chemni ilimponyoka. Anselm aliidaka kabla haijagusa ardhi, akaiweka mkekani taratibu.

Mama alijifunika uso kwa khanga. Maneno yalitoka humo kwa vipande. Alhamisi Bwana Saidi alipokuwa anapanda lori la Nzega alimfokea: nikirudi nikute kila kioo katika nyumba hii kinang'aa. Kila kioo. Ijumaa akaanza na madirisha, akaja kwenye taa, akaja kwenye fremu, na mwisho akakuta kile cha kamera hakina kifuniko, kimejaa vumbi na alama ya kidole cha Bwana mwenyewe. Akakifanyia kama vingine vyote, tena hicho alikifanyia zaidi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kinawalisha. Jumapili asubuhi Bwana akatoka kwenye chumba cha giza na picha ya wale wachumba mkononi, akampiga ngumi, akamwambia kioo kile kina thamani kupita ng'ombe wote wa ukoo wenu, na ole wako ufungue mdomo kwa mtu yeyote, polisi watakuja kukufunga mpaka ufe.

"Na wewe umekuja," alisema. "Nilijua utakuja."

Anselm alimeza tusi lililomjia. Mtu anaamrisha mwenyewe, anatiiwa, kisha anapiga. "Una hakika ilikuwa Ijumaa?" aliuliza mwisho.

"Sikula nyama siku ile, kwa sheria ya kanisa letu ya Ijumaa. Jirani aliniletea supu nikaikataa."

"Mayu, twende mjini."

Akasimama bila kubisha, akafunga mlango, akampa jirani ufunguo na kumwelekeza kuku walipo. Aliaga kama mtu asiyetarajia kurudi, na Anselm, kichwa chake kikiwa kinapiga hesabu ya masaa, hakulitambua hilo. Akampakia nyuma ya baiskeli.

Saa sita na nusu walikuwa Gongoni. Anselm alimwacha Josepha kwa fundi cherehani wa jirani, akaingia studio peke yake. Saidi alikuwa mwanaume wa miaka arobaini, ndevu zimechongwa, kanzu imepigwa pasi mpaka ikasimama. Alitabasamu.

"Sajini! Karibu. Nikupige moja ya ukumbusho?"

"Kwa lenzi ipi?"

Tabasamu lilibaki, lakini macho yaliondoka. Anselm aliweka ile picha ya Bernadeta juu ya meza. "Kwa nini hii ina utusitusi?"

"Aa, hilo." Saidi akapunga mkono. "Kuvu, Sajini. Masika ya mwaka huu yalikuwa mabaya. Kuvu limeingia kwenye lenzi tangu mwezi wa tatu, nalia nalo kila siku. Wateja wangu wenyewe wanajua."

Lilikuwa jibu zuri, na kwa mtu asiyejua lingetosha. Kuvu kweli hula lenzi. Burma Anselm aliliona limemaliza darubini tatu kwa msimu mmoja. Na kama lilikuwepo tangu mwezi wa tatu, hoja yake yote ilikuwa imelala. Isipokuwa alikuwa na arusi nzima chini ya kwapa.

Hakuitoa bado. "Ifungue," alisema.

"Nini?"

"Lenzi. Ifungue kwenye kamera uniwekee hapa. Nitakusafishia hilo kuvu."

Saidi aliifungua, akaiweka mezani. Ilikuwa lenzi nzito ya shaba, ukubwa wa kikombe. Anselm alitandika karatasi nyeusi juu ya meza, akafungua kopo lake la tumbaku, akapanga vitu vyake: kipira cha kupulizia, brashi ndogo ya manyoya laini, kichupa cha spiriti, kipande cha ngozi ya swala kilicholainika kuliko hariri. Akanawa mikono kwenye beseni, akaikausha. Hasira zilikuwa zimemjaa mpaka masikio yakawa ya moto, lakini kazi hii haitaki hasira, basi akaziacha zikae kifuani na vidole akavifanya vya mtu mwingine.

"Kwanza upepo," alisema, akibinya kipira. "Si wa mdomo. Wa mdomo una mate. Mchanga ukiwa juu ya kioo, ukaja na kitambaa, umeshika msasa."

Saidi alikuwa akifuata vidole vyake kwa macho.

"Halafu brashi. Haikandamizwi, inapita tu. Spiriti tone moja, kwenye ngozi, si kwenye kioo, maana ikitiririka ikaingia pembeni inayeyusha gundi. Unaanzia katikati, unatoka nje, unazungusha. Ulifundishwa haya?"

"Nilifundishwa."

"Mtumishi wako ulimfundisha?"

Anselm alimaliza, akaiinua lenzi, akawasha tochi akaimulika kwa ubavu.

"Njoo uone. Kuvu la juu lingeondoka sasa hivi. Kuvu la ndani linaota matawi, kama mzizi wa mti. Hebu nionyeshe tawi."

Hapakuwa na tawi. Palikuwa na duara ndani ya duara, mamia, nyembamba kama unywele, zikizunguka uso mzima wa kioo na kukamata mwanga wa tochi. Mkono uliosugua ulikuwa wa mtu mwenye bidii. Kisha Anselm akachukua unywele mmoja wa brashi, akaupitisha kwenye ufa kati ya kioo na shaba, akagongagonga juu ya karatasi nyeusi. Likadondoka vumbi la kijivu.

"Majivu," alisema. "Haya, masika ya mwaka huu yalinyesha majivu?"

Saidi aliruka. Mkono wake uliipiga lenzi kutoka kwa Anselm, ikaviringika mpaka ukingoni mwa meza, na Anselm akaikumbatia kwa tumbo lile lile lililokataa kuvutwa ndani siku ya arusi. Kwa mkono wa kushoto akamkamata mpiga picha kwenye kola ya kanzu akamkalisha juu ya kigoda chenye waya. Kigoda kililia.

"Ukiinuka tena nitasahau kwamba mimi ni mtumishi wa serikali." Akaiweka picha ya arusi mezani, kando ya ile nyingine. "Tarehe nane. Nilikuwepo. Huyu hapa mimi. Liko wapi kuvu lako la mwezi wa tatu?"

Saidi alitazama gauni la Tekla, akatazama kilemba cha Bernadeta. Alikuwa fundi wa kweli, na fundi hawezi kuziangalia picha mbili kama zile asizisome. Mabega yake yalishuka.

"Nani alikuambia ugeuze muhuri?"

"Ningekula nini, Sajini? Mpiga picha hana lenzi! Ilibaki nirudi kuuza karanga!"

"Nimekuuliza nani."

Macho ya Saidi yalikwenda yenyewe ukutani, kwenye msumari wa karatasi. Anselm akazichambua. Ya tatu ilikuwa hati ya mzigo wa reli ambao bado ulikuwa njiani: lenzi moja ya studio, kutoka Nairobi, mpokeaji Saidi, Gongoni, Tabora. Imeagizwa kwa simu ya maandishi tarehe 13 Julai. Mwagizaji: Sylvester, karani, ghala la nta.

"Jumapili ile alasiri alikuja," alisema Saidi kwa sauti ndogo. "Alikuwa anatoka kituoni kwenu kuandikisha maelezo. Alimsikia Modest akisema alikuwa kwangu. Alinikuta nimekaa na kioo mkononi nalia. Akaniambia, nisogezee siku saba tu nyuma, mimi nitakuletea kipya. Siku saba tu. Hakusema zaidi, nami sikuuliza."

"Hukuuliza kwa sababu ulijua. Mtu asiye na hatia anataka nini na muhuri wako?" Sauti ya Anselm ilipanda, na fundi cherehani wa jirani akasimamisha mashine. "Modest ulimpanga mwenyewe hapa. Ulimshika kidevu ukakiinua. Ulimwambia atabasamu! Halafu ukaiuza shingo yake kwa kipande cha kioo."

Saidi alijifuta uso kwa mkono wa kanzu.

"Simama. Na muhuri wako ulete."

Saa nane kasoro dakika tano waliingia mahakamani: Sajini Anselm mbele, vumbi la Kwihara mpaka magotini, Saidi nyuma yake, na Josepha mwisho, viatu mkononi. Bwana Kelso alisimama kuzuia, akaona ile hati ya reli, akaisoma mara mbili, akakaa. Kwenye benchi la mashahidi alikuwa Sylvester, kijana mnene mwenye shati na tai, kalamu mbili mfukoni. Alipomwona Saidi, alichomoa kalamu moja akairudisha.

Hakimu alikuwa Mzungu mzee asiyependa kuharakishwa. Alitaka kila kitu kitafsiriwe. Alisikiliza habari ya tarehe nane. Aliishika lenzi, akaimulika tochi mwenyewe, akaigeuza, akaimulika tena. Alimsikiliza Saidi, aliyesema yote huku akitazama sakafu, muhuri na siku saba na saa aliyowafungulia mlango wale wachumba. Kisha akamwita mtumishi.

Josepha alipanda kizimbani, akaapishwa. Mkalimani alimuuliza kazi gani alifanya siku ya Ijumaa, tarehe 10.

"Nilikiharibu kioo cha Bwana Saidi," alisema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Ni mimi. Hakunisaidia mtu. Nilikisugua na majivu mpaka kikang'aa."

"Na kesho yake uliwaona watu hawa wawili?"

"Niliwaona. Niliwapa maji. Yule nilimfunga kilemba. Treni ya saa kumi ilipiga honi wakiwa mle ndani wameshapangwa, Bwana akatukana kwa sababu kamera ilitikisika, ikabidi aanze upya."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alisema maneno machache ya Kiingereza, na mkalimani akayageuza: hakuna kesi ya kumpeleka mshtakiwa Mahakama Kuu, afunguliwe. Modest alibaki amesimama, anamtazama mkalimani mdomoni, kana kwamba maneno mengine yatafuata. Bernadeta hakungoja. Alipita kati ya askari wawili akaenda kumshika mkono.

Josepha alishuka kizimbani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Anselm, akaviweka viatu vyake chini, akavipanga vizuri, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake.

"Haya," alisema. "Nimeshasema ukweli. Nifunge."

Anselm alifungua pingu mkandani. Alikuwa na hasira kuliko alivyokuwa tangu asubuhi, na hakujua tena anamkasirikia nani. Alimpita yule mama akaenda kwenye benchi la mashahidi, ambako Sylvester alikuwa ameinuka, akimweleza askari wa mlangoni kwamba anatoka kidogo tu kujisaidia. Pingu zikalia mara mbili.

Alipogeuka, Josepha alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imenyooshwa, akisubiri zamu yake.